Kuku wa Marehemu Hawatagi Julai

Jumatatu, tarehe 8 Julai

Sakitu nyeupe juu ya kila kitu, hata juu ya ndevu za mbuzi wa jirani. Maji ya kuku yaliganda usiku ndani ya beseni. Nimeyavunja kwa kisigino cha kiatu, kisha nikawaomba kuku radhi kwa kelele hizo.

Mayai: hakuna.

Kuku wenyewe ni sita. Ni wa marehemu mke wangu, 'Maseabata, tuliyemzika Aprili, mipichi ikipukutisha majani. Yeye alipokuwapo walitaga. Yeye alipoondoka, wakaacha. Siwalaumu. Hata mimi kuna mambo mengi niliyoyaacha.

Adhuhuri amekuja shemeji yangu, 'M'e (ndiyo kusema Mama) 'Mathakane, mdogo wa marehemu, mjane wa kijiji cha ng'ambo ya mto. Nikamkaribisha chai. Akainywa wima, jambo ambalo halina dalili njema. Akanikumbusha kwamba Jumamosi ya tarehe 27 nitavuliwa kitambaa cheusi cha msiba, na kwamba siku hiyo, kama ilivyo desturi, nguo za marehemu zitagawiwa ndugu zake wa kuzaliwa. Nikasema naam, ni haki yao. Akasema na kuku pia. Nikasema, kwa unyenyekevu, kwamba kuku si nguo. Akanijibu kuwa nguo zinataka kufuliwa na kuku wanataka kulishwa, na akaniuliza kati ya hayo mawili nimeweza lipi.

Nilikuwa mkalimani wa mahakama kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nimetafsiri matusi ya wezi wa ng'ombe bila kutikisika. Leo nilimwongezea chai.

Hata hivyo tumeafikiana. Iwapo kufikia siku hiyo kuku watakuwa wametaga mayai ya kutosha kujaza kikapu kidogo cha nyasi alichokisuka dada yake, watabaki kwangu. Wasipotaga, anawachukua. Aliyefiwa hapeani mkono na mtu, hivyo nikainama. Kofia ikaanguka ndani ya chai.

Naandika haya ili nisijidanganye: wakiondoka hao, katika ua huu hakutabaki kiumbe hata kimoja kinachoijua sauti yake. Isipokuwa mimi, nami masikio yangu yanazidi kufa.

Jumanne, tarehe 9 Julai

Mpango wa kwanza. Joto la ndani!

Nimepika uji wa mtama, nikautia pilipili ya kusaga vijiko vya kutosha, na tone la brandi niliyoiweka kwa ajili ya kifua changu. (Tone lilikuwa kubwa kidogo. Mkono ulitetemeka kwa baridi.) Hoja yangu ilikuwa kwamba kuku akipata joto tumboni, yai halitakuwa na sababu ya kukaa humo.

Wameula wote. Kisha wakapiga chafya. Sikujua kuwa kuku hupiga chafya. Kisha wakanywa beseni zima la maji na kumfukuza mbwa wa Ntate Lebajoa hadi kisimani.

Ntate, yaani Baba, Lebajoa ndiye jirani yangu wa upande wa mashariki. Ana kuku vijana wa kahawia wanaotaga kana kwamba majira ya baridi ni uvumi tu. Kila asubuhi hupita mbele ya lango langu akiwa amebeba mayai ndani ya kofia yake ya majani, ingawa njia ya kwenda kwake haipiti langoni kwangu. Leo alisimama akaniuliza hali za "wajane" wangu. Nikamjibu kwamba ni wazima, namshukuru. Akasema wajane wazima hawamfukuzi mbwa wa watu, na kwamba akimwona Vashti karibu na kisima tena, yeye ana sufuria.

Vashti ndiye mkubwa wao. Marehemu alimpa jina la yule malkia wa kwenye Biblia kwa kuwa hajawahi kuja anapoitwa.

Mayai: hakuna. Brandi: karibu imekwisha.

Alhamisi, tarehe 11 Julai

Nimegundua kosa! Nalo ni langu, naliungama.

'Maseabata alipofariki, ndugu wote walivaa kitambaa cha msiba. Mimi ninacho hapa kifuani. Hata farasi wa kaka yangu alikatwa mkia kidogo. Lakini kuku, waliokula kutoka mkononi mwake kila siku, hakuna aliyewakumbuka. Hawakupewa kitu. Basi wamekuwa wakiomboleza kivyao, bila utaratibu, kama watu wasio na kwao.

Na ushahidi ninao. Shingo zao zimekuwa wazi, manyoya yanadondoka banda zima. Kwetu aliyefiwa hunyolewa nywele. Hawa, kwa kukosa mtu wa kuwanyoa, wamejinyoa wenyewe. Nilisimama bandani nikalia kidogo. Naomba radhi.

Nimekata bitana ya koti langu jeusi la mahakamani, nikapata vipande sita vizuri, nikamfunga kila mmoja kipande chake chini ya bawa kwa pini. Niliwatamkia maneno ya kuwafariji. Nilidhani wangetulia.

Debora amekula kitambaa cha mwenzake. Vashti amekula cha Debora, na nusura pini pia. Wengine wawili wamepanda juu ya paa na hawataki kushuka. Ntate Lebajoa akachungulia juu ya ua wa matete akauliza ni nani tena amekufa. Nikasema hakuna, ni yule yule. Akaniambia, "Ntate, kuku wako hawaombolezi, wanabadilisha manyoya. Hata mtoto wa kunyonya anajua." Nikamshukuru kwa maoni yake. Mtu asiyesoma hawezi kuona huzuni hata ikisimama mbele yake bila manyoya.

Mayai: hakuna.

Jumamosi, tarehe 13 Julai

Mwanga! Nimekumbuka saa ile nilipokuwa navaa soksi. Nilipokuwa shuleni misheni, masista walikuwa na kuku, na banda lao lilikuwa na taa kabla ya kupambazuka. Tulidhani ni kwa ajili ya kuwafundisha kuku sala za asubuhi. Sasa naelewa. Siku za baridi ni fupi, na kuku anadhani hana muda wa kutaga.

Tatizo ni banda. Upepo wa milimani unaingia upande huu na kutokea upande ule, taa haikai hata dakika. Nyumba yenye kuta nzuri na isiyokaliwa ni moja tu hapa nyumbani, ile ya mviringo ya marehemu, ambayo haijafunguliwa tangu mazishi.

Nilisimama mlangoni kwa muda. Nikabisha hodi. Sijui kwa nini nilibisha hodi.

Ndani bado kuna harufu yake, ya sabuni na moshi wa samadi kavu. Vyungu vimepangwa alivyovipanga. Blanketi lake la kahawia, lile lenye nakshi za masuke ya mahindi, limekunjwa juu ya kitanda. Nikamwomba ruhusa kwa sauti, nikaeleza kwamba ni kwa muda tu, na kwamba ni kwa ajili ya wao. Hakukataa. Maishani mwake angekataa.

Nimewahamishia humo. Nimetandika majani makavu, nimening'iniza taa ya chemli kwenye boriti, nimewafunika kwa blanketi. Vashti akatazama chumba chote, akapanda kwenye mto wa marehemu, akaketi. Nikafunga mlango na kushusha pazia, ili baridi isiingie.

Jumatatu, tarehe 15 Julai

Utaratibu umekaa vyema. Kabla ya kupambazuka nawasha taa. Nawapelekea uji mchachu wa moto katika bakuli zuri la wageni. Naketi juu ya kigoda, nazungumza nao kwa sauti ya chini, kama inavyompasa aliyefiwa. Nawaita "mabibi". Nawauliza kama wamelala vizuri. Nawaambia wasiwe na haraka, ila wafahamu kwamba tarehe inakaribia. Nawasomea zaburi. Jioni, kabla jua halijazama, maana kwa sheria ya msiba natakiwa niwe ndani, naingia tena na kuwasha taa upya.

Leo Debora aliinuka kwa kishindo na kelele kubwa! Nikapiga magoti, nikapapasa. Kitu cha mviringo! Laini! Nikamshukuru Mungu kwa lugha zote tatu ninazozijua.

Kilikuwa kiazi. Sijui kimefikaje.

Lakini nakiri kwamba mle ndani napata amani kidogo. Vashti amelala juu ya mguu wangu hadi ukafa ganzi. Sikuusogeza.

Jumatano, tarehe 17 Julai

Watu wamebadilika. Wanawake kisimani walinyamaza nilipofika. Mmoja alinisalimu kwa heshima iliyozidi kiasi, mwingine akafunika uso kwa blanketi na mabega yakawa yanatikisika. Nikadhani analia kwa ajili yangu. Nikamwambia asijali, mambo yanaendelea vizuri, nalala kwa raha kuliko zamani. Akakimbia, ndoo akaiacha.

Ntate Lebajoa naye alipita langoni bila mayai. Alitazama pazia la nyumba ya marehemu, akatazama bakuli la wageni mkononi mwangu, akanikonyeza. Akasema mwanamume ni mwanamume, na baridi ya mwaka huu si mchezo. Kisha akaniuliza kama "huyo wa ndani" anapenda mayai, atamletea. Nikasema wa ndani hawahitaji kuletewa mayai, wanatakiwa wayatoe wao wenyewe. Akavua kofia, akaondoka kinyumenyume.

Huenda hatimaye amejifunza adabu.

Ijumaa, tarehe 19 Julai

Kaka yangu mkubwa, Ntate Tlalinyane, amekuja kwa farasi kutoka bondeni. Ni mzee wa miaka themanini na mbili na hapandi farasi bila sababu. Ndiye atakayenivua kitambaa cheusi siku ile.

Alikaa. Akawasha kiko. Akaanza mbali kabisa, kwenye ukoo wa babu. Akasema hakuja kunilaumu. Alisema anaelewa kwamba nyumba bila mwanamke ni pango. Akasema desturi yetu ya mdogo wa marehemu kuingia katika nyumba ya dadake ni ya kale na ya heshima, na kama nimekubaliana na 'M'e 'Mathakane yeye hana kinyongo, ni mwanamke mchapakazi ingawa ulimi wake unaweza kukata nyasi. Lakini, akasema, na hapo akaondoa kiko mdomoni, si kabla ya kuvuliwa msiba! Si kumficha mle ndani, taa inawaka, pazia limeshushwa, uji unapelekwa, zaburi zinasomwa, kijiji kizima kinasikia!

Sikumfuata vizuri. Maneno niliyasikia, shabaha yake ikanipita, kama mkalimani aliyechoka. Nilichokishika ni kwamba alikuwa akizungumzia nyumba ya marehemu. Nikamhakikishia, kwa ukweli wote, kwamba sijamficha mtu, na kwamba mle ndani wako sita tu.

Kiko kikamwanguka.

Nikaongeza, ili kumtuliza, kwamba mkubwa wao analala kwenye mto wa 'Maseabata na hana matata. Kaka akainuka, akapanda farasi bila kusaidiwa na mtu, akaondoka. Chai hakuigusa. Nahofia umri unaanza kumchanganya.

Jumamosi, tarehe 20 Julai

Mungu wangu!

Kabla ya jua kuchomoza nilikuwa mle ndani. Vashti mapajani. Nilikuwa nikimbembeleza, nikimwambia hakuna haja ya aibu, tupo sisi wenyewe tu, ajitahidi. Mlango ukafunguliwa kwa teke.

Alikuwa 'M'e 'Mathakane, fimbo mkononi, na nyuma yake wanawake wawili wa umoja wa kanisa katika sare zao. Akasema kwa sauti kuu kwamba amesikia huko ng'ambo kuwa yeye anaishi hapa. Kuwa anakula uji kitandani. Kwa hiyo amekuja kujiona!

Akaona kuku.

Akaniona mimi, mkongojo wangu, kigoda, zaburi. Akaona taa. Akaona mto. Akanyamaza, na sijawahi kumsikia akinyamaza tangu siku ya harusi yetu. Mmoja wa wale wanawake akasema, "Jamani, ni kuku kweli," kwa sauti ya mtu aliyevunjika moyo.

Kisha shemeji akaliona blanketi. Naandika hili kwa aibu: kuku hawana mahali pengine pa kujisaidia. Akalivuta kwa nguvu. Debora akaruka, akaigonga taa, taa ikaanguka kwenye majani makavu. Moto! Nikaumwagia uji mchachu wote, bakuli la wageni likapasuka. Kuku wakatoka kwa kupita katikati ya umoja wa kanisa na kukimbilia mlimani.

Moshi ulipotulia, shemeji alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, blanketi mapajani, akilikung'uta polepole. Akasema, "Shemeji, hata mimi ningekuwa kuku, nisingetaga humu." Lakini hakulisema kama anavyosema mambo yake. Nikaomba radhi. Nikaeleza kuhusu masista na taa. Akasema dada yake alimwonya kwamba nikibaki peke yangu nitafanya mambo. Nikamwuliza alionya lini. Akalikunja blanketi. Akasema Jumamosi ni Jumamosi, kikapu ni kikapu, akaondoka na blanketi ili alifue.

Kuku wamerudi jioni, wote sita. Nimewarudisha kwenye banda lao. Wana baridi. Nami pia.

Mayai: hakuna.

Jumanne, tarehe 23 Julai

Theluji. Milima yote imevaa nyeupe. Banda limekaa kimya kama kanisa siku ya kazi.

Nimefanya jambo nisilolipenda. Nilikwenda kwa Ntate Lebajoa nikamwomba mayai ya kujaza kikapu kidogo, bila mtu kujua. Alicheka, kisha akafikiri. Hakutaka malipo. Alitaka nafasi yangu kanisani, ile ya benchi la tatu, karibu na jiko la kuni, ambayo nimeikalia tangu nilipobatizwa upya katika kanisa hili; kwa kuwa sibanduki jikoni, hunitania kwamba nilibatizwa kwa maji ya moto. Mimi nikae mlangoni.

Nikatazama theluji. Nikamkumbuka Esau. Lakini Esau alipewa dengu tu, mimi nimepewa mayai!

Nikakubali. Akaniambia kwa ukarimu kwamba benchi la mlangoni lina hewa safi.

Ijumaa, tarehe 26 Julai

Asubuhi niliyaweka mayai ya Lebajoa katika viota vya kuku wangu, ili yazoee. Vashti aliyatazama kama mahakama inavyomtazama shahidi wa uongo. Kufika jioni, mawili yalikuwa yamepasuka kwa baridi. Yameganda hadi kiini. Balaa!

Sasa yaliyobaki yote yapo ndani. Na hapo likanijia wazo ambalo sitaki kujisifu nalo, ila ni zuri. Yai lililotagwa sasa hivi huwa na joto. Shemeji ni mtu wa kushika-shika. Akishika yai baridi, atajua. Basi nitayaweka katika sufuria ya maji ya uvuguvugu, pembeni kabisa mwa jiko la chuma, na kesho nitayatoa dakika ya mwisho, niyafute, niyatie kikapuni. Yatapata joto la kuku hasa.

Nimemweleza marehemu mpango wote. Nimemwomba anisamehe kwa udanganyifu. Ni kwa ajili yao. Ni kwa ajili yake. Nadhani ni kwa ajili yangu pia.

Jumamosi, tarehe 27 Julai

Imekwisha. Naandika nikiwa nimekaa jikoni, kichwa kimenyolewa na kina baridi.

Walikuja wote. Kondoo alichinjwa alfajiri. Kaka Tlalinyane alinivua kitambaa cheusi bila kunitazama machoni, akanyoa nywele zangu, akasema maneno yanayosemwa. Nguo za 'Maseabata zilitolewa nje na kugawiwa. Koti lake la kijani limekwenda na binamu mwenye mabega mapana, litachanika. Kila nguo ilipopita nilisema asante, kana kwamba ni mimi niliyepewa.

Ikafika zamu ya kuku. Nikaomba udhuru, nikaingia jikoni. Wanawake walikuwa wamelijaza jiko kuni tangu asubuhi, chuma kinang'aa kwa wekundu, mvuke kila mahali, mtu mwema amesogeza sufuria yangu katikati ili kupata nafasi ya birika. Nikayatoa mayai kwa kijiko. Yalikuwa na joto. Yalikuwa na joto la kutosha kabisa. Nikayafuta, nikajaza kikapu, nikatoka nacho mbele ya watu kwa mikono miwili.

Shemeji akalichukua moja, akalirusha mkono huu hadi ule. Akasema, "Loo, shemeji, haya yametoka sasa hivi?" Nikasema sasa hivi. Akaliweka shavuni, akalitoa haraka. Nikasema huzuni huwapandisha joto.

Kaka, aliyekuwa na njaa na bado ana hasira nami, akasema mwenye nyumba avunje moja, watu waone. Nikalivunja ukingoni mwa bakuli. Halikumwagika. Nikalivunja tena. Likasimama mkononi mwangu, jeupe, gumu, linatoa mvuke.

Ntate Lebajoa, ambaye hakualikwa, akapaza sauti kutoka upande wa pombe: "Jamani, kuku wa Ntate wanataga na chumvi?" Kaka akalichukua lile yai, akalila, akasema kwamba limeiva vizuri. Hapo ndipo kicheko kilipoanza, ua mzima, hadi watu wa kisimani wakaja kuuliza kuna nini.

'M'e 'Mathakane alicheka hadi pini ya blanketi lake ikafunguka. Alicheka akijishika mbavu. Akaanza kusema jambo kuhusu dada yake, laiti angelikuwapo kuliona hili, na hapo katikati kicheko kikageuka, akalia, kilio kile ambacho mtu hulia siku ya kwanza. Nami nikalia. Nilikuwa nimelitwaa yai jingine kikapuni, linaniunguza, sikujua pa kuliweka.

Hata hivyo ahadi ni ahadi. Amewachukua watano ndani ya sanduku la mbao juu ya punda. Vashti hakuja alipoitwa. Shemeji akamtazama juu ya paa, akasema, "Huyu abaki. Hata kwa dada alikuwa hatagi. Mtafaana."

Jua limezama. Ua umekuwa mkubwa sana.

Jumapili, tarehe 28 Julai

Kanisani, benchi la mlangoni. Hewa ni safi kweli. Sihisi vidole vya miguu. Ntate Lebajoa alisinzia karibu na jiko, akakoroma hadi mhubiri akatua mara mbili. Nikamwombea.

Vashti amelala juu ya kabati la jikoni, ananitazama nikila. Hatujazungumza.

Alhamisi, tarehe 1 Agosti

Jua lilichelewa kidogo kuuacha mlima wa magharibi jana. Mpichi wa karibu na lango una vijicho vyekundu vya kuchipua.

Ntate Lebajoa alileta habari kutoka ng'ambo. Watatu kati ya watano wameanza kutaga kwa 'M'e 'Mathakane. Alimwuliza amewafanyia nini. Shemeji amesema hakuwafanyia chochote, amewaacha tu, siku zinarefuka na manyoya yameota.

Nilimsikiliza kwa adabu. Hakuwafanyia chochote! Bila shaka. Kazi ilikuwa imekwisha kufanywa! Pilipili, vitambaa, taa, zaburi: hizo ni dawa za polepole, zinaingia ndani kabisa kabla ya kutoka nje. Mimi nilipanda, yeye amevuna. Simwonei kijicho. Lakini haki ni haki, na nimetumikia mahakama.

Na sasa, jambo lenyewe. Leo asubuhi nilikwenda kuchukua kofia yangu kwenye kiti. Vashti alikuwa ameketi ndani yake. Nikamwomba radhi, nikageuka. Akainuka mwenyewe, bila kuitwa, akashuka.

Yai! La kweli! Dogo, rangi ya maziwa, na unyoya mmoja umeshikamana nalo. Nilipiga magoti sakafuni. Nilimwita 'Maseabata kwa jina lake la usichana, ambalo sijalitamka tangu ujana wetu. Vashti hakusema kitu, lakini hakuondoka.

Nimeamua. Leo hii navuka mto na kumpelekea shemeji yai hili, mkononi mwake, liwe ushahidi. Akiliona atafahamu kwamba kuku hawa wanatagia nyumba hii, na atawarudisha wale watano, kwa hiari yake. Ama kuhusu ile desturi aliyoitaja kaka, sitaitamka. Isipokuwa yeye akianza.

Nje sakitu ni nene, na mto una barafu kingoni. Yai likipasuka kwa baridi njiani, sina jingine. Na lazima lifike likiwa na joto lake, vinginevyo nani ataniamini? Kwa hiyo, wakati najinyoa, nimelitia katika sufuria ya maji ya uvuguvugu na kuliweka pembeni kabisa mwa jiko. Nimeongeza na kuni kidogo, kwa usalama. Maji yameanza kuimba taratibu, sauti nzuri.

Wembe ni butu na ndevu zimeota tena, lakini sioni sababu ya kuharakisha.